George Müller: Zaidi ya Mkate na Maziwa

Wiki hii tunamwangalia mtumishi ambaye wengi wenu mnamjua kwa hadithi moja tu, George Müller wa Bristol, Uingereza. Ile hadithi ni hii. Ni asubuhi, watoto yatima wameketi mezani, sahani ni tupu, na nyumbani hakuna mkate wala pesa ya kuununua. Müller anamshukuru Mungu kwa chakula ambacho hakuna aliyekiona. Mara mlango unabishwa: mwokaji amekosa usingizi usiku kucha, ameamka akaoka, ameleta mikate. Kabla hajaondoka, mkokoteni wa muuza maziwa unaharibika hapo hapo nje, na maziwa yote yanaingia ndani. Nimeihubiri hiyo hadithi na nitaihubiri tena, Mungu akinijalia.

Lakini hebu tufikirie kidogo. Huyu mzee, mpaka anakufa, nyumba zake zilikuwa zimelea yatima zaidi ya 10,000 kwa muda wa zaidi ya miaka 60. Asubuhi moja ya muujiza haitoshi kulea watoto wote hao. Kuna zile asubuhi zingine zote, ambazo hazina hadithi. Nani alifua mashuka? Nani aliangalia kama viatu vimetoboka? Nani aliandika kila senti iliyoingia na iliyotoka? Mimi kabla ya kuitwa kwenye huduma nilisomea biashara, kwa hivyo mtanisamehe nikikaa sana kwenye daftari kuliko kwenye mkokoteni wa maziwa.

Müller hakuzaliwa Mwingereza. Alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805 huko Kroppenstedt, Prussia, sehemu ambayo leo ni Ujerumani. Baba yake alikuwa mkusanya kodi wa serikali, na kijana alikuwa mwizi. Aliiba pesa za serikali zilizokuwa zimewekwa nyumbani. Baba alipompa pesa zake mwenyewe na kumtaka aandike matumizi, aliandika uongo. Usiku ambao mama yake alikuwa anakufa, yeye alikuwa anacheza karata, umri wake miaka 14. Akiwa na miaka 16 alifungwa jela kwa kulala hotelini na kula vizuri bila uwezo wa kulipa. Ukimwona wakati huo usingempa hata ufunguo wa jikoni ya kanisa.

Alienda chuo kikuu cha Halle kusomea uchungaji, kwa sababu wakati huo uchungaji ulikuwa kazi yenye heshima na mshahara. Aliendelea kunywa na kukopa. Mwaka wa 1825 rafiki yake alimpeleka kwenye ushirika mdogo nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja. Hapo aliona mtu akipiga magoti kuomba, kitu ambacho alikuwa hajawahi kukiona, na hakurudi kuwa yule wa zamani. Kule Halle pia alipata nafasi ya kukaa kwa muda katika nyumba za yatima zilizoanzishwa na August Hermann Francke zaidi ya miaka 100 kabla yake. Hilo shikilieni, tutalirudia.

Mwaka wa 1829 alifika London. Aliugua, akapelekwa pwani ya kusini-magharibi kupata nafuu, akaishia kuwa mchungaji wa kanisa dogo la Teignmouth. Mwaka wa 1830 alimwoa Mary Groves, na mwaka huo huo akaacha mshahara. Siku hizo viti vya kanisa vilikodishwa: tajiri anakaa mbele, maskini nyuma. Müller aliona hilo si sawa, akalifuta, na mshahara wake ukaenda nalo kwa sababu ndiko ulikokuwa unatoka. Wakaweka sanduku. Anayetaka kutoa atie, asiyetaka asitie.

Mwaka wa 1832 walihamia Bristol, na mwaka huo kipindupindu kikaingia mjini. Watoto waliachwa bila wazazi. Aliyekuwa na bahati alichukuliwa na jamaa, na asiyekuwa nayo aliingia kwenye nyumba za serikali za maskini au akabaki barabarani. Mwaka wa 1835 Müller mwenyewe alizika mwanawe mdogo, ambaye hata hakuwa amefikisha miaka miwili. Miezi michache baadaye akashika kitabu cha maisha ya yule Francke wa Halle, na wazo la kufungua nyumba ya yatima likamshika na halikumwacha.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wengi hatulisemi. Müller mwenyewe alieleza wazi kwamba sababu yake ya kwanza ya kufungua nyumba haikuwa watoto. Watoto walikuja baadaye kwenye orodha. Ya kwanza ilikuwa Wakristo wa kawaida, wale wafanyakazi waliomwambia kwamba hawawezi kuacha kazi mbaya kwa sababu watakosa chakula. Alitaka wawe na kitu cha kuonekana kwa macho, kitu kikubwa ambacho hakuna mtu aliyeombwa pesa yake, ili wajue Mungu ni mwaminifu. Mtu akisikia hivyo anaweza kudhani watoto walikuwa chombo tu cha kuhubiria. Kumbe ilifanya kazi kinyume. Kama nyumba ni ushuhuda kuhusu Mungu, basi shuka chafu ni ushuhuda pia. Uji mwepesi ni ushuhuda. Mtoto anayetoka hapo bila kujua kusoma anakwenda mjini kote akitangaza Mungu wa namna fulani. Müller alilielewa hilo vizuri sana.

Nyumba ya kwanza ilifunguliwa tarehe 11 Aprili 1836, Wilson Street, kwa wasichana 30. Kuna kisa kidogo hapa ambacho mimi hukipenda kuliko kile cha mkate. Alikuwa ameombea kila kitu: nyumba, pesa, wafanyakazi, vitanda, sahani. Siku ya kuandikisha watoto ilipofika aliketi akingoja, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeletwa. Alirudi nyumbani akagundua kwamba hakuwahi kuomba watoto waje. Aliona hilo ni jambo la hakika, akalisahau. Akaomba usiku huo, na kesho yake ombi la kwanza likaletwa. Baada ya hapo shida haikuwa tena kukosa watoto.

Miaka kadhaa iliyofuata ilikuwa ya ukame wa pesa. Zilikuwepo siku ambazo asubuhi hawakujua mchana utakuwaje. Wafanyakazi walikusanyika kuomba, na wengine walitoa kutoka mfukoni mwao. Lakini sheria zilikuwa mbili. Hakuna mtu wa nje atakayeambiwa shida iliyopo, na hakuna kukopa, hata mkate. Mwanzoni walikuwa wanalipa wauzaji kila wiki kama familia nyingine mjini. Müller akaona hiyo nayo ni deni, maana siku ya kulipa ikifika na pesa haipo, mwokaji ndiye ataumia. Akabadilisha: tunalipa tunapochukua, na kama hatuna, hatuchukui.

Mnajua jinsi mambo yanavyokwenda kwa nyumba nyingi za watoto. Mwenye duka la mahindi anadai tangu Januari, na akiuliza anaambiwa hii ni kazi ya Bwana. Mwenye duka naye ana watoto wake.

Kisa kilichonigusa zaidi ni cha mwisho wa mwaka wa 1841. Kila mwaka Müller alichapisha ripoti na kufanya mikutano ya hadhara kueleza kazi ilivyokwenda. Mwaka huo wakati wa mikutano ulifika pesa zikiwa chini kabisa. Kila mtu anayejua biashara angesema huu ndio wakati mzuri: simama, eleza hali, watu wataguswa. Yeye akaahirisha. Aliona akisimama wakati huo, hata asipoomba chochote, itakuwa ni kuomba kwa mlango wa nyuma. Ripoti ikangoja miezi kadhaa, na katika hiyo miezi walibanwa kweli kweli, lakini watoto walikula.

Na hiyo ripoti yenyewe ilikuwa kitu cha ajabu. Kila aliyetoa, awe ametoa pauni 100 au peni chache, alipewa risiti yenye namba. Majina hayakuchapishwa, ili mtu asitoe kwa kutafuta sifa, lakini ukishika ripoti unatafuta namba yako na unaona mchango wako umeandikwa, kiasi gani na kwa kazi gani. Hesabu zilikaguliwa na watu wengine, si yeye. Yule kijana aliyemwandikia baba yake hesabu za uongo sasa alikuwa anaandika hesabu ambazo mama mjane yeyote Bristol angeweza kuzipekua. Nilipokuwa chuoni tulifundishwa udhibiti wa fedha kwa wiki nyingi, na sikusikia mfano safi kama huu.

Mwaka wa 1845 nyumba za Wilson Street zilikuwa nne, na majirani wakachoka. Barua ikaja, ya heshima, ikilalamika kuhusu kelele za watoto na shida za maji na mifereji. Kiongozi mwingine wa dini angesema ni vita vya adui. Müller alichukua karatasi akaandika sababu za kuhama upande mmoja na sababu za kubaki upande mwingine. Alipomaliza aliona majirani wana haki. Aliona pia mambo ambayo majirani hawakuyataja: watoto hawana mahali pa kutosha pa kucheza, hakuna shamba la wavulana kufanyia kazi, hakuna hewa safi, hakuna nafasi ya kufulia. Kiwango cha malezi kilikuwa kimepungukiwa, na aliyemfumbua macho ni jirani aliyekasirika.

Akapata ardhi Ashley Down, nje kidogo ya mji wa wakati huo, mahali pa juu penye upepo. Hakukubali ujenzi uanze mpaka pesa ya kuumaliza iwe mkononi. Mwezi Juni 1849 watoto walihamia, na nyumba ya kwanza ilikuwa na nafasi 300. Ya pili ikafunguliwa 1857, ya tatu 1862, ya nne 1868 na ya tano 1870. Zote pamoja zilikuwa na nafasi ya watoto 2,050, na ujenzi uligharimu zaidi ya pauni 100,000. Hakuna hata mtu mmoja aliyeombwa.

Basi tuingie ndani. Kila mvulana alikuwa na suti tatu. Kila msichana alikuwa na magauni matano. Kila mtoto alikuwa na jozi tatu za viatu. Nasema tena, viatu jozi tatu, kwa mtoto yatima, Uingereza ya miaka ya 1850! Chakula kilikuwa cha kawaida lakini cha kutosha: mkate, uji, maziwa, na nyama siku kadhaa za wiki. Wavulana walifundishwa kufuma na kushona soksi zao wenyewe. Shuleni walisoma kusoma, kuandika, hesabu, sarufi, jiografia, historia, kuimba, na Biblia bila shaka. Müller hakuridhika na maneno ya walimu wake mwenyewe. Alileta mkaguzi kutoka nje kila mwaka kuwapima watoto. Wageni walikaribishwa kutembea na kuona, kwa siku zilizopangwa, na hata Charles Dickens, yule mwandishi mashuhuri, alikwenda, na gazeti lake likachapisha makala nzuri juu ya nyumba hizo mwaka wa 1857.

Nyuma ya suti na magauni alikuwepo Mary. Yeye ndiye aliyechagua vitambaa vya nguo na mablanketi, na alikuwa na jicho la kujua kitambaa kizuri na kile kitakachochanika mwezi wa pili. Alipitia hesabu za matumizi ya nyumba. Aliwatembelea wagonjwa. Alipofariki mwaka wa 1870, yatima zaidi ya 1,000 walitembea nyuma ya jeneza lake. Mahubiri yetu kuhusu Müller humtaja kwa nusu sentensi, na sidhani nyumba zingesimama mwaka mmoja bila yeye.

Watu walilalamika pia, lakini malalamiko yenyewe yatawashangaza. Walisema watoto wanatunzwa vizuri mno. Ati wanasomeshwa kupita hadhi yao. Ati viwanda na migodi inakosa vijana wa kazi kwa sababu Müller anawashikilia shuleni, wakati wenzao walikuwa tayari kazini. Wavulana walikaa mpaka miaka 14 au 15, na wasichana mpaka karibu 17. Kwenye kuondoka, mvulana alitafutiwa fundi wa kumfundisha kazi na ada ililipwa na nyumba. Msichana alitafutiwa nafasi katika familia inayoaminika, au akawa muuguzi au mwalimu. Kila mmoja aliondoka na sanduku la nguo. Müller aliomba naye ofisini, akampa Biblia na sarafu ya shilingi mbili na nusu, kwa mikono miwili, Biblia mkono wa kulia.

Kuhusu kuingia, alikuwa na mfumo tofauti na wa wengi. Katika nyumba nyingi za yatima za wakati huo, mtoto alihitaji kura za wafadhili. Mama mjane au bibi alizunguka mjini akibisha milango ya matajiri kuomba kura, na mwenye kujuana na wakubwa ndiye aliyepata. Kwa Müller hakukuwa na kura wala kujuana. Ulitakiwa kuwa umefiwa na wazazi wote wawili, huna msaada, na unangoja zamu yako. Sheria moja sitaitetea: walipokea watoto waliozaliwa ndani ya ndoa pekee. Wengi wa wakati wake waliona hivyo, lakini yule mtoto wa nje ya ndoa alikuwa na njaa ile ile, na makosa hayakuwa yake.

Niwape kisa cha boila kisha tumalize. Mwisho wa Novemba 1857, boila iliyopasha joto nyumba ya kwanza ilianza kuvuja. Ilikuwa imezungushiwa matofali, huwezi kujua imeharibika wapi mpaka uyabomoe, na ukibomoa moto lazima uzimwe. Watoto 300, wengine wadogo sana, na baridi imeingia. Müller alifikiria kwanza njia zote za kawaida, akatafuta kama kuna jiko lingine la kuwapasha joto, akaona haiwezekani. Akapanga siku ya matengenezo. Ndipo upepo wa kaskazini, ule mkali, ukaanza kuvuma. Aliomba vitu viwili: upepo ugeuke uje wa kusini, na mafundi wapewe moyo wa kazi kama wale waliojenga ukuta na Nehemia. Siku yenyewe upepo wa kusini ulivuma na hali ya hewa ikawa ya joto kiasi kwamba moto haukuhitajika. Jioni msimamizi wa mafundi akasema watarudi mapema kesho, lakini mafundi wenyewe wakajibu kwamba wanapendelea kufanya kazi usiku kucha. Mimi katika kisa hiki huwaona wale mafundi na matope yao usiku wa manane kama ninavyouona upepo.

Müller alikufa asubuhi ya tarehe 10 Machi 1898 akiwa na miaka 92. Jioni iliyotangulia alikuwa ameongoza maombi kama kawaida. Mikononi mwake zilikuwa zimepita karibu pauni milioni moja na nusu. Mali yake yote, pamoja na vyombo vya nyumbani, haikufika pauni 200.

Kazi iliendelea, lakini haikubaki katika majengo yale. Waliomfuata waliona, baada ya Vita Vikuu vya Pili, kwamba mtoto hakui vizuri kati ya mamia, hata akiwa na jozi tatu za viatu. Wakawahamisha watoto kwenye nyumba ndogo za kifamilia, na mwaka wa 1958 majengo ya Ashley Down yakauzwa kwa halmashauri ya mji. Hapa Kenya tumechelewa kufika hapo. Mkakati wa serikali wa kuwarudisha watoto kwenye familia na jamii ulizinduliwa mwaka wa 2022 na unaenda mpaka 2032, na makanisa yenye nyumba za watoto yana la kujibu.

Madaftari bado yapo. Shirika alilolianzisha limehifadhi kumbukumbu za watoto waliopita pale, mmoja mmoja: jina, wazazi walikufa lini na kwa nini, nani alimleta, aliondoka lini kwenda kazi gani. Mpaka leo vitukuu wao huandika Bristol kuuliza, na hutafutiwa ukurasa.